"Nimeokoka Tangu 1998": dhana potofu tunazokua nazo kanisani

Jumatano jioni, pale Gungu, Kigoma, tunapokutana kwa ibada ya nyumba kwa nyumba, mgeni hupewa nafasi ajitambulishe. Wengi huanza na mwaka. "Bwana asifiwe, wapendwa. Mimi nimeokoka tangu 1998." Tunaitikia amina, tunasogeza viti, tunaendelea. Siku moja mgeni alikuwa wa mtaa wa pili tu, na mtoto wa mwenye nyumba, wa darasa la nne, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote: "Sasa mbona kila siku anagombana na jirani yake kwa ajili ya maji?" Mama yake akamkata jicho. Sisi wengine tukakimbilia kitabu cha nyimbo.

Swali la yule mtoto limenikaa kichwani, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Dhana: Miaka mingi kanisani ndiyo ukomavu

Barua kwa Waebrania, sura ya 5, iliandikwa kwa watu wa namna hiyo hiyo. Mwandishi anawaambia kwamba kwa jinsi muda ulivyokwenda walipaswa kuwa walimu, lakini bado wanahitaji maziwa, chakula kigumu hawakiwezi. Kisha katika mstari wa 14 anasema watu wazima ni wale ambao akili zao zimezoezwa kupambanua mema na mabaya. Neno la Kiyunani alilotumia hapo ni lile la mwanamichezo anayejifua uwanjani. Mtu anaweza kukaa jukwaani kwenye uwanja wa Lake Tanganyika miaka 20 akiangalia mpira, na asiweze kupiga danadana 3.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama amekua asihesabu miaka. Ajiulize mwaka huu anasamehe nini ambacho mwaka juzi kilimshinda.

Dhana: Anayeomba kwa nguvu na kwa saa nyingi ndiye aliyeshiba kiroho

Hapa najua nitagusa watu. Mkesha ninaupenda, na Yesu mwenyewe alikesha mlimani usiku kucha (Luka 6:12). Tatizo linaanza pale sauti inapogeuzwa kuwa mizani. Mwanamke aitwaye Hana aliomba midomo ikicheza tu bila sauti kusikika, mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Pale Karmeli, manabii wa Baali ndio waliopiga kelele kutwa na kujikatakata. Sala ya nabii Eliya, aliyekuwa akishindana nao, imeandikwa katika mistari 2. Na sala ambayo Bwana aliwafundisha wanafunzi wake, katika Mathayo 6, ina mistari 5.

Kuna mama mmoja anauza dagaa pale Kibirizi. Ana daftari la madeni, lile la jalada gumu, limevimba kwa unyevu na lina magamba ya samaki yaliyokaukia kwenye kurasa. Mbele ameandika nani kachukua kilo ngapi na kabakiza shilingi ngapi. Siku moja aliligeuza akanionyesha nyuma. Huko kuna majina mengine, hayana bei. Dada aliyefiwa. Kijana aliyekwenda ng'ambo ya ziwa na hajapiga simu. Mteja ambaye mbele ya daftari anadaiwa, na nyuma anaombewa. Dagaa wakianikwa lazima wageuzwe, la sivyo upande mmoja unabaki mbichi. Basi kila anapokwenda kuwageuza, anachukua majina 2 au 3 na kuyaombea huku mikono ikifanya kazi. Jibu likija anaweka alama ya vema na tarehe. Sijawahi kumsikia mama huyu akiombea kipaza sauti, na sidhani kama kanisani kwake wanamhesabu katika "wanamaombi".

Ukitaka kuanza, anza na daftari.

Dhana: Mstari mmoja wa asubuhi kwenye simu ni kusoma Biblia

Mstari unaoongoza kwa kutumwa kwenye magrupu yetu bila shaka ni Yeremia 29:11, ule wa Mungu kutuwazia mawazo ya amani. Umebandikwa kwenye bajaji, umechapwa kwenye kanga za harusi, unasomwa kwa vijana wanaosubiri matokeo ya mtihani. Ni wachache wanaojua kwamba hayo ni maneno ya kwenye barua, na kwamba barua yenyewe ilipelekwa kwa watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka Yerusalemu hadi Babeli. Sisi wa Kigoma tungepaswa kuwa wa kwanza kuielewa. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, ilifunguliwa 1996. Waliozaliwa pale leo wana watoto wao. Tumeona kwa macho mtu aliyekimbia akiwa na nia ya kurudi kwao baada ya miezi michache, akapanda mihogo, akajenga, akaoza binti yake hapo hapo.

Sasa soma barua ya Yeremia ukiwa na picha hiyo. Mstari wa 5: jengeni nyumba, pandeni bustani. Mstari wa 6: oeni, zaeni watoto. Mstari wa 7: utafuteni ustawi wa mji mliopelekwa, uombeeni. Mstari wa 10: itachukua miaka 70. Ndipo unafika mstari wa 11. Wengi walioisikia barua ile ikisomwa walifia Babeli. Ahadi ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa ya watu wanaofundishwa kuishi vizuri mahali wasipopapenda, kwa muda mrefu. Anayeupokea mstari wa 11 bila ule wa 10 atakuja kumlaumu Mungu kwa jambo ambalo Mungu hakulisema.

Hata hizo namba zenyewe zilikuja baadaye. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unatokana na kazi ya Stephen Langton mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na Robert Estienne, mchapaji wa Ufaransa, mwaka 1551. Paulo aliandika barua, watu wakakaa wakasomewa barua nzima. Waraka kwa Filemoni una mistari 25. Chai haijapoa umeumaliza. Injili ya Marko ni sura 16, jioni moja ya umeme kukatika inatosha. Biblia tunayoitumia Waprotestanti ina sura 1,189. Kwa sura 4 kwa siku, mwaka haujaisha umefika Ufunuo.

Wageni wakija Kigoma tunawapeleka Ujiji kuona mahali mmisionari David Livingstone alipokutana na mwandishi wa habari Stanley mwaka 1871. Wanapiga picha, wanasikia habari ya mwembe waliokutana chini yake, wanaondoka. Kitu ambacho hawaambiwi ni kwamba Livingstone aliandika katika kumbukumbu zake kuwa alipokuwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, kabla ya kurudi Ujiji akiwa hoi kwa ugonjwa, aliisoma Biblia yote mara 4. Hakuwa na kanisa, barua nyingi hazikumfikia, miguu ilikuwa na vidonda. Mzee yule alikuwa na makosa yake, tutafika huko.

Silidharau neno la siku. Ndugu zetu Wamoravian, ambao wana mizizi Tabora, wana kijitabu cha neno la kila siku ambacho kilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1731. Lakini tazama kilivyoanza: kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, lile neno lilipelekwa kwa miguu nyumba hadi nyumba. Aliyelipeleka alibisha hodi na kuonana na watu. Sisi tunabonyeza kutuma kwa watu 200 tukiwa bado kitandani.

Dhana: Kufunga kunamlazimisha Mungu ajibu

Isaya 58 inawajibu watu waliokuwa na malalamiko haya haya: tumefunga, mbona huoni? Wanaambiwa kwamba siku ya kufunga kwao wanaendelea kuwaonea wafanyakazi wao, na kwamba saumu inayotakiwa ni kumgawia mwenye njaa chakula na kumpokea asiye na pa kulala. Wakristo wa kwanza walifunga Jumatano na Ijumaa. Aristides wa Athene, aliyeandika katika karne ya 2, anaeleza kuwa akitokea maskini kati yao nao hawana cha ziada, walifunga siku 2 au 3 ili chakula chao kimfikie. Katika kufunga kwetu, chakula tusichokula hubaki wapi? Kwangu mimi, nakiri, hubaki kwenye sufuria nikisubiri saa 12 jioni.

Na jambo moja la kusema bila kuzunguka: mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, anayemeza dawa za kifua kikuu au ARV, asiache dawa wala chakula kwa sababu kanisa limetangaza siku 21. Aongee na daktari wake. Kuna saumu ya simu, ya maneno, ya soda. Mungu anazijua zote.

Dhana: Sadaka ni mbegu, ukipanda laki unavuna milioni

Mistari ya kupanda haba na kuvuna haba iko katika 2 Wakorintho 9. Fungua sura ya 8, pamoja na Warumi 15:26, uone mchango ulikuwa wa nini: ulikuwa wa kuwasaidia maskini wa Yerusalemu, watu ambao Wakorintho hawakuwahi kuwaona. Waliosifiwa ni Wamakedonia, waliotoa wakiwa wenyewe hawana kitu. Hapo sina la kuongeza.

Dhana: Aliyekomaa haanguki, na akianguka ndiyo basi

Dhana hii inaua watu kimya kimya. Mtu akishapewa kiti cha mbele, anaanza kuficha. Anaumwa moyo, anasema "nabarikiwa". Ndoa inawaka moto, anaongoza sifa.

Uamsho uliotokea Rwanda na Uganda miaka ya 1930, ukavuka hadi Tanganyika, ulikuwa na zoea moja ambalo wazee waliliita kutembea nuruni. Walikaa wachache, mtu akataja kosa lake kwa jina lake. Hakusema "niombeeni nina changamoto". Alisema nimeiba, nimemsingizia mwenzangu, nimemchukia mke wangu. Wakati mwingine ilivuka mipaka, na mambo yaliyostahili masikio ya mtu mmoja yakatangazwa mbele ya umati. Yakobo 5:16 inataka tuungamiane. Haisemi ungama mbele ya kamera. Mtu mmoja au wawili wenye kifua wanatosha. Wakatoliki na Waanglikana wana kuhani; sisi wengine tunayo haki ya kumwendea ndugu, lakini haki yenyewe hatuitumii.

Nilisema tutarudi kwa Livingstone. Mwaka 1848 alimbatiza Sechele, chifu wa Wakwena katika nchi ambayo leo ni Botswana. Chifu alikuwa amewarudisha wake zake kwao akabaki na mmoja. Haukupita mwaka, ikajulikana mmoja wa wale walioachwa ana mimba yake. Livingstone akamtenga na meza ya Bwana, na baada ya muda akahamia kwingine. Kwa hesabu ya mmisionari kazi ilikuwa imeharibika. Ila Sechele hakuacha. Aliendelea kuisoma Biblia aliyokuwa amejifunza kuisoma ukubwani, akaongoza ibada mwenyewe, akawahubiri watu wake na majirani zake kwa miaka mingi, hadi alipokufa mwaka 1892. Aliyeonekana amekwisha ndiye aliyeifanya kazi.

Na kama wewe hujaanguka ila umekauka tu, unaomba na dari linakurudishia sauti, soma Zaburi 88. Inaisha gizani, hakuna "lakini". Imo kwenye Biblia, na iliimbwa hekaluni.

Dhana: Mkristo motomoto hapumziki

Jumatatu kwaya, Jumanne maombi, Jumatano nyumba kwa nyumba, Alhamisi mazoezi, Ijumaa mkesha, Jumamosi usafi wa kanisa, Jumapili kutwa. Nimewahi kuishi hivyo miaka 3, na mke wangu ndiye anayeweza kukusimulia nilivyokuwa nyumbani.

Katika Kumbukumbu la Torati 5, sababu ya Sabato ni kwamba mlikuwa watumwa Misri. Mtumwa hana siku ya kupumzika. Katika Walawi 25 hata shamba linapewa mwaka wake. Kwa mvuvi wa ziwa hili si habari mpya. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu hawaifuati taa, na mitumbwi inavutwa ufukweni. Mwaka 2024 serikali ililifunga ziwa kwa miezi 3 ili samaki wazaliane. Manung'uniko yalikuwepo, na njaa pia, sitaki kulipamba.

Mwenzetu mmoja wa Jumatano ni mvuvi. Kwa miezi mingi aliketi karibu na mlango, hasemi kitu. Usiku mmoja wa mbalamwezi tulikuwa tunalisoma agizo la Sabato, na mzee mmoja akasema kupumzika ni mlango wa shetani. Yule mvuvi akauliza kama anaweza kuongea. Akasema: "Mzee wangu, shikamoo. Mimi wiki hii sijaingia ziwani. Lakini sijalala. Nimeshona nyavu. Ukiwa kazini kila usiku, tundu hulioni. Unavuta wavu, unaona samaki wamepungua, unadhani ziwa limeisha."

Mzee akakaa kimya kidogo, kisha akamwomba arudie, akatoa kalamu.