Kadi ya kukusanya data ikipewa kazi ya kuendesha kigeuzi cha umeme

Kadi ya kukusanya data imeundwa kupima: inasoma volti, inazigeuza kuwa tarakimu na kuzipeleka kwenye kompyuta. Lakini pia ina njia za kutoa ishara, na ina kaunta, yaani saketi inayohesabu midundo ya saa. Kwa hiyo inaweza kuendesha kigeuzi cha umeme, saketi inayobadilisha volti kwa kuwasha na kuzima swichi haraka, na kwa kazi za maabara naipenda sana. La kuamua kwanza ni nani atakayeshika muda.

Chukua kigeuzi cha kushusha volti kinachowasha swichi mara 20,000 kwa sekunde. Kila mzunguko una mikrosekunde 50 tu. Ukiandika programu ya kuwasha, kusubiri na kuzima, mfumo endeshi wa kawaida unaweza kuisimamisha kwa milisekunde kadhaa ili ushughulikie jambo jingine. Milisekunde moja ni mizunguko 20. Swichi ikiachwa imewaka muda wote huo, mkondo unapanda, kiini cha koili kinashiba sumaku, na transista, ambayo ndiyo swichi yenyewe, inaungua.

Kwa sababu hiyo mapigo ya kuwasha na kuzima swichi yatolewe na kaunta ya kadi, yenye saa yake. Saa ya megahezi 80 inaugawa mzunguko huo katika hatua 4,000, usahihi unaotosha kabisa. Ukipanda hadi kilohezi 200 unabaki na hatua 400, na hapo volti huanza kuyumba kati ya hatua mbili.

Kaunta hiyohiyo ndiyo iamuru usomaji. Mkondo wa koili hupanda swichi ikiwaka na kushuka ikizimika, kwa hiyo ukisoma ovyo utapata namba zinazorukaruka hata kigeuzi kikiwa kimetulia. Soma katikati ya muda wa kuwaka. Pale mkondo unapita kwenye wastani wake, mradi haufiki sifuri katika mzunguko, na kelele za swichi ziko mbali. Wengi huziba tatizo hili kwa vichujio, na kila kichujio kinaongeza ucheleweshaji.

Ucheleweshaji ndio adui wa udhibiti. Data ikipanda kwa USB, ikapigiwa hesabu na kurudi, milisekunde 1 inaweza kwisha kwa urahisi. Kwa kitanzi cha udhibiti (mzunguko wa kupima, kukokotoa na kurekebisha) kinachofuata mabadiliko ya hadi hezi 100, hiyo inakula nyuzi 36 za fezi, yaani sehemu ya kumi ya wimbi zima, na kitanzi kinakaribia kuyumba. Basi iachie kompyuta kazi za polepole, kama kufuatilia joto au kutafuta kilele cha nguvu ya paneli ya sola. Kitanzi cha mkondo kipe FPGA (chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe) iliyo kwenye kadi, au mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) pembeni.

Usalama usiutegemee programu. Kompyuta ikiganda, kaunta inaweza kuendelea na mapigo ya mwisho iliyopewa, na kigeuzi cha kupandisha volti kisicho na mzigo kitazidi kupandisha mpaka kapasita au transista ivunjike. Weka kompareta, saketi inayolinganisha volti mbili, inayokata mapigo yenyewe volti au mkondo ukizidi. Weka optokapla, kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha umeme, kati ya kadi na saketi ya geti (mguu wa transista unaopokea amri ya kuwaka), na risista ya kuvuta ishara chini, kwa sababu kadi nyingi zikiwashwa huacha njia zao zikielea, yaani bila kuamua kama ziko juu au chini. Kisha, kabla ya kuunganisha umeme mkubwa, funga programu ghafla huku osiloskopu ikiwa kwenye geti, uone mapigo yanakoma au yanaendelea.