Je, wajua kwa nini mishiri hupauka jikoni, na kwa nini mafuta yaingie mwishoni?

Mishiri, yale maharagwe machanga yanayoliwa pamoja na ganda lake, ikiingia kwenye maji yanayochemka hung'aa kuliko ilivyokuwa mbichi. Ikikaa motoni kidogo zaidi, rangi hiyo huchakaa na kuelekea hudhurungi. Kuongeza mafuta hakusaidii chochote hapo. Kinachoipausha ni asidi iliyomo ndani ya mishiri yenyewe, ikisaidiwa na muda.

Ung'avu wa mwanzo hutokana na hewa. Kati ya seli za ganda kuna nafasi ndogo ndogo zenye hewa inayotawanya mwanga, ndiyo maana mshiri mbichi huonekana kama umefunikwa na ukungu mwepesi. Joto huifukuza hewa hiyo, na rangi ya kijani ya mmea, yaani klorofili au umbijani, huonekana bila kizuizi. Lakini joto hilohilo hupasua utando wa seli, na asidi zilizokuwa zimetengwa humwagika. Kila molekuli ya klorofili ina atomi moja ya magnesiamu katikati. Haidrojeni kutoka kwenye asidi huing'oa magnesiamu na kukaa mahali pake. Kinachobaki huitwa feofitini, na hiyo ndiyo rangi iliyochakaa unayoiona. Mpishi hana namna ya kuirudisha. Kwa kawaida badiliko huanza kuonekana wazi baada ya dakika 5 hadi 7, kwa hiyo mishiri inayoiva kabla ya hapo hubaki kijani.

Tuje kwenye mafuta. Gramu 100 za mishiri mbichi zina kilokalori 31 hivi. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina takriban 120. Ukikaanga nusu kilo kwa vijiko vitatu, mafuta peke yake yanazidi mara mbili ya kilokalori zote za mishiri! Na sababu ya kuhitaji vijiko vitatu ni kwamba mafuta yamepewa kazi isiyo yake. Mshiri ni mviringo, hivyo hugusa kikaango kwenye mstari mwembamba tu. Pasipo kimiminika cha kupeleka joto pande zote, utaungua kwenye mstari huo huku kwingine ukiwa mgumu. Maji huifanya kazi hiyo vizuri zaidi: hujaza nafasi, hugeuka mvuke, na maadamu yapo, chakula hakiungui. Mafuta yabakiziwe kile ambacho maji hayakiwezi vizuri, yaani kubeba harufu ya kitunguu saumu na kuipaka juu ya kila mshiri. Kwa hilo, vijiko viwili vya chai vinatosha nusu kilo.

Chukua gramu 500 za mishiri myembamba, inayokatika kwa mlio ukiikunja. Kata vikonyo, ncha nyembamba ya upande wa pili inalika. Tumia kikaango kipana chenye mfuniko, cha sentimita 28 hadi 30. Chemsha humo mililita 120 za maji, yaani nusu kikombe, pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Maji yakitokota sana, tia mishiri, funika, moto uwe mkali kiasi, uache dakika 3 hadi 4 ukigeuza mara moja katikati. Funua, uache maji yakauke kabisa, kama dakika 2. Isogeze kando, tia vijiko viwili vya chai vya mafuta mahali palipo wazi, kisha punje tatu za kitunguu saumu zilizokatwa vipande vyembamba. Zikianza kunukia na kingo zake kuwa za dhahabu, baada ya sekunde 40 hivi, changanya vyote kwa dakika moja, uipue. Hapo ndipo ndimu na pilipili manga huingia. Inatosha watu wanne, na mafuta humfikia kila mmoja nusu kijiko cha chai.

Maji kukauka kabisa ndiyo hatua inayoharakishwa mno. Yakibaki, mafuta huruka, hayashiki kwenye mishiri, na kitunguu saumu huchemka badala ya kukaangika. Mishiri minene haiwezi kwenda na myembamba kwa muda mmoja: ipasue kwa urefu au itangulize dakika 2. Kilo nzima kwenye kikaango kimoja pia haifai, kwa kuwa ya chini huiva na ya juu hubaki ngumu. Onja mmoja, ukilia kama mpira unapoutafuna, bado. Usiile mbichi kabisa, kwa sababu punje changa zilizomo zina lektini, protini inayoweza kuudhuru tumbo, ambayo huhitaji joto la kuchemka ili ivunjike.

Mfuniko hunasa asidi zinazopaa na mvuke, na kwa mapishi ya dakika 15 ungeipausha mishiri vibaya. Kwa dakika 3 au 4 madhara yake ni madogo, na faida ya mvuke ni kubwa. Ndimu ikitiwa mapema ina hasara mbili: huongeza asidi, na huzuia kuta za seli kulainika, hivyo unapata mishiri iliyopauka na bado migumu. Nyanya hufanya vivyo hivyo.

Magadi soda huilinda rangi kwa kuipunguzia maji asidi, ila hatuyapendekezi. Hubomoa pektini inayoshikilia seli, mishiri ikawa laini ya kuteleza, na huharibu vitamini B1. Rangi uliyookoa haifidii hasara hiyo.

Ukiipua, imimine kwenye sahani pana. Ikirundikwa bakulini na kufunikwa huendelea kuiva kwa joto lake. Kama italiwa baridi, baada ya dakika za mvuke itumbukize kwenye maji baridi sana, ichuje, ikaushe kwa kitambaa, kisha uipake mafuta ya kitunguu saumu karibu na kuila. Mishiri iliyogandishwa kwa kawaida imeshachemshwa kidogo kiwandani, kwa hiyo vijiko viwili vya mezani vya maji na dakika 2 za mfuniko vinaitosha.