Kopo la soda sio sefu: tunavyojidanganya kuficha vitu kwenye gari

Hapa Kigoma kuna sehemu huwezi kushuka na kila kitu. Umeenda kuogelea ufukwe wa Jakobsen, waleti na simu utaviweka wapi, kwenye kaptula? Au umefika Kibirizi unapanda boti kwenda vijiji vya juu huko na hutaki kutembea na hela ya watu mfukoni. Basi vitu vinabaki kwenye gari, na hapo ndo kila mtu anageuka fundi wa kuficha.

Inayotamba siku hizi ni makopo feki ya mtandaoni, kwa nje kopo la soda la kawaida ila juu panazunguka, ndani unaweka pete, fleshi, noti umezikunja. Watu wanaamini ukishakuwa nalo umemaliza kazi. Ukweli ni kwamba linasaidia kwa kibaka wa chapchap tu, yule anavunja kioo cha pembeni, anazoa kinachoonekana, anasepa, huyo hana muda wa kuzungusha makopo. Mwenye nafasi yake, giza limeingia na gari lipo peke yake, atapekua mpaka chini ya kapeti. Na hayo makopo anauziwa yeyote, kibaka naye ana simu na bando analo.

Halafu waliobuni hivi vitu kwao kopo tupu ni takataka, wakadhani kila mahali ni hivyo. Kuna mtu anajiona mjanja kabisa, anachana dumu la lita tano kwa chini, anasukumia bahasha, analiacha nyuma ya Probox. Kigoma hii hii ya mawese! Dumu huku ni mali, litabebwa lenyewe na aliyebeba atakuja kukuta bahasha akiwa ameshafika kwake, atacheka peke yake. Mfuko wa dagaa ndo usiseme kabisa. Tafuta kitu ambacho hakuna anayekitaka: pakti ya pedi za kike iliyofunguliwa, kopo la grisi limechakaa, tambara limelowa oili. Na kama lazima liwe kopo la soda, basi iwe soda inayouzwa madukani hapa mjini Mwanga, sio ya Marekani ambayo hata wewe hujawahi kuionja, hiyo inavuta macho badala ya kuyafukuza.

Tena usimuwaze mwizi tu. Muwaze dogo anayeosha magari. Unamwachia funguo, anafagia vizuri kabisa, makopo yote kwenye mfuko wa taka, unarudi gari linang'aa na pete haipo, na huna hata wa kumlaumu maana kopo lilitengenezwa lionekane takataka. Watu wako waambie lipo, na litoe kabla gari halijaoshwa. Ukiendesha lisikae sakafuni mbele pia, ule mteremko wa kushuka stesheni likibingirika likaingia chini ya pedeli ya breki utajua hujui.

"Nikifika ndo nitaficha." Hii ndo inaliza wengi kuliko zote. Unapaki, unainama chini ya siti dakika mbili, unafungua buti unaweka begi, unafunga, unaangalia kushoto kulia kama umeiba wewe, na wale jamaa wa kijiweni wanakuona mwanzo mwisho. Ficha kabla hujafika. Chini ya siti, dashibodi na kwenye tairi la spea ndo anaanzia kila mwizi, na hizi Noah na IST hazina hata buti ya kujitegemea, akishaingia ndani nyuma kafika. Tinti? Asubiri jioni awashe tochi ya simu aisogeze kiooni.

Mtungi feki wa kuzimia moto, ule wa kufichia hela ndani, mimi siuelewi kabisa. Waya zikianza kuungua utamwagia moto noti?

Kitu kingine watu wanahesabu wizi tu wanasahau jua. Gari lililofungwa linapanda joto haraka, sehemu kubwa inapanda ndani ya nusu saa ya kwanza, na kuacha kioo wazi kidogo hakubadilishi sana. Apple wenyewe wanasema iPhone isihifadhiwe kwenye joto linalozidi nyuzi 45, na gari likipigwa jua la mchana linapita hapo. Kwa hiyo simu, pawabenki na hasa dawa kama insulini visiingie kwenye kopo lolote, hata uwe umelificha vipi.

Na usijipe moyo kwamba una bima kubwa. Mara nyingi hiyo inaangalia gari lenyewe, vitu vyako vya ndani ni habari nyingine, soma mkataba wako. Kadi halisi ya gari wala funguo ya spea usiviache humo, maana gari likiondoka linaondoka na karatasi zake.