Kwa Nini Mgonjwa wa Kisukari Anapelekwa Chumba cha Meno

Tumekuwa tukipokea malalamiko ya wagonjwa wa kisukari, Unguja na Pemba, wanaohoji kwa nini wanaelekezwa chumba cha meno ilhali hawaumwi na jino. Swali ni la haki, ila ugonjwa wa fizi aghalabu hauumi mpaka jino limekwisha kulegea.

Sukari ikikaa juu, fizi hushindwa kupambana na bakteria wa ukoga, na hatari ya ugonjwa huu hukaribia mara 3 ya ile ya asiye na kisukari. Madhara hayo hurudi pia upande wa pili. Fizi iliyochimbika milimita 4 au zaidi huwa kidonda kilichofichika, na chembe za kinga zilizokusanyika hapo humimina katika damu vichocheo vya inflamesheni, yaani mcharuko wa mwili unaojilinda. Miongoni mwavyo ni interlukini-6, inayolisukuma ini kutengeneza CRP, protini ambayo maabara huipima kujua kama mwili una mcharuko, na TNF-alfa, inayoizuia insulini isifanye kazi yake ipasavyo. Kwa hiyo mtu anaweza kumeza dawa zake kwa uaminifu, akaacha hata halua, na bado HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita, kikagoma kushuka.

Tiba ni kukwangua ugaga, yaani ukoga uliogandamana na kuwa mgumu, juu na chini ya fizi, kwa ganzi inapohitajika. Baada ya miezi 3 hadi 4, HbA1c hushuka kwa wastani wa pointi 0.4 za asilimia. Si haba, lakini hakuna anayeruhusiwa kuacha dawa kwa ajili hiyo.

Wapo wanaodai kuwa kukwangua hulegeza meno. Hakulegezi, na tumelisema hili mara nyingi. Jino linalocheza baada ya kusafishwa lilikuwa limeshikiliwa na ugaga tu, mfupa wake umekwishaliwa zamani. Karafuu nayo hutuliza maumivu, haiondoi ugaga.

Siku ya miadi mgonjwa aje asubuhi, awe amekula na kumeza dawa kama kawaida, na alete kadi ya kliniki pamoja na orodha ya dawa zote, zikiwemo za kuzuia damu kuganda. Anayefunga sunna achague siku nyengine. Sukari itapimwa kabla ya kuanza. Ikiwa juu mno au chini mno, miadi itaahirishwa na tarehe mpya kuandikwa kwenye kadi. Asiyefika bila ya taarifa atapangiwa upya mwisho wa foleni, na asiyekuja na kadi atasubiri mpaka jalada lake lipatikane.