Je, Wajua? Kwa Nini Mzia Hung'ata Bamba la Chuma Lisilofanana na Samaki

Wavuvi wa Tanga wanaokokota mshipi nyuma ya chombo hujua kwamba mzia, samaki mrefu mwenye meno makali na macho makubwa, hurukia bamba la chuma linaloyumba majini, ingawa bamba hilo halina jicho, mapezi wala harufu ya dagaa. Mwindaji anayeona vizuri kiasi hicho hudanganyikaje?

Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba mzia hupenda vitu vinavyong'aa, na ndiyo sababu waogeleaji huonywa wavue vidani vyao. Jibu hilo halitoshi. Pwani yetu imejaa dagaa ambao miili yao ni fedha tupu, na kama mng'ao peke yake ungemvuta mzia, asingekuwa na namna ya kumchagua mmoja kati ya maelfu. Dhana nyingine, kwamba chambo bandia sharti kifanane na samaki halisi gamba kwa gamba, nayo ni dhaifu, kwa kuwa Mmarekani Julio Buel alipata hataza ya chambo cha chuma kinachozunguka mwaka 1852, na vyambo vya chuma kitupu vinavua hadi leo.

Ufafanuzi wenye nguvu zaidi umo katika ngozi ya dagaa mwenyewe, yenye fuwele nyembamba za guanini zinazoakisi mwanga. Fikiria kioo kilichosimamishwa wima katikati ya chumba chenye kuta za rangi moja na taa darini. Anayekitazama kutoka kando huona ndani yake taswira ya ukuta ulio upande wake, ambayo haina tofauti na ukuta ulio nyuma ya kioo, hivyo kioo chenyewe hakionekani. Kikiinamishwa kidogo tu, taa ya darini humpiga machoni. Baharini jua ndilo taa, na maji ya pande zote ndiyo kuta: dagaa anayeogelea wima hufifia ndani ya maji, lakini akilala upande humeta ghafla. Mwingereza Eric Denton, aliyefanya utafiti wake Plymouth, ndiye aliyeichunguza kwa kina hali hii, nayo kwangu ni miongoni mwa mambo ya ajabu zaidi baharini: fedha ile ile inayomficha samaki ndiyo inayomfichua.

Kwa hiyo anayemeta ni aliyejeruhiwa, aliyechoka au anayegeuka kwa hofu, yaani aliye rahisi kukamatwa. Bamba linaloyumba hurudia ishara hiyo, likimeta na kuzima, na ndiyo maana namna linavyoyumba hustahili kuangaliwa kabla ya umbo na rangi yake. Hata wekundu unaosifiwa na wengi hupotea mapema kadiri kina kinavyoongezeka, kwa kuwa maji humeza mwanga mwekundu kwanza, na chambo huonekana cheusi. Hata hivyo, mng'ao haueleze kila shambulio, kwa sababu samaki huhisi pia mtikisiko wa maji kwa mstari wa hisia ulio ubavuni.

Paiki, mwindaji wa maji baridi ya Ulaya, Asia ya kaskazini na Amerika Kaskazini, hunaswa kwa bamba la aina hiyo hiyo, lakini mwendo hutofautiana. Yeye hujificha kwenye majani ya majini, hukunja mwili na kufyatuka, kwa hiyo bamba huvutwa polepole na kusitishwa mara kwa mara, hasa maji yanapokuwa baridi sana. Mzia hukimbiza mawindo katika maji maangavu, na bamba la polepole humpa nafasi ya kulichunguza na kuliacha. Afadhali livutwe kwa kasi. Wote wawili hukata nailoni kwa meno, hivyo kipande cha waya mbele ya ndoana ni lazima.

Karibu na mlango wa mto Pangani wakati wa masika, matope huzuia mwanga usifike mbali, na bamba jembamba hupoteza kazi yake kubwa. Hapo hufaa chambo kinene kinachotikisa maji kwa nguvu, kikivutwa taratibu kuliko kawaida ili mzia aweze kukifuata kwa ubavu wake.