Kihisi cha faiba kwenye sili ya mashine ni nini?

Sili ni kizuizi cha uvujaji pale shafti inapoingia kwenye mashine. Fundi wa pampu akisema "sili imelika", mara nyingi ameshaona maji au mafuta sakafuni. Kihisi cha faiba hupima kulika huko sili ikiwa bado kazini, kabla haijaanza kuvuja. Ni uzi mwembamba wa kioo uliopachikwa ndani ya sili ili ulike pamoja nayo. Mwanga unaorudi kupitia uzi huo ndio unaoonyesha kiasi kilichobaki.

Baadhi ya pampu ndogo huwa na oili sili, mpira wenye ulimi unaobana shafti. Pampu kubwa zaidi hutumia sili ya nyuso mbili: pete moja inazunguka na shafti, nyingine imetulia kwenye bodi ya pampu, na katikati yake kuna utando wa kimiminika wa mikroni moja hivi, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Utando ukikatika, nyuso husuguana kavu, joto hupanda, na pete laini, kwa kawaida ya kaboni, huliwa. Lindi na Mtwara visababishi vinajulikana. Pampu za maji ya bahari kwenye mashamba ya chumvi huvuta mchanga. Mafuta ya maganda ya korosho yakikaa kwenye joto huwa mazito na kunata. Pampu ikilala usiku kucha bila kusafishwa, asubuhi nyuso zilizogandana huachana kwa nguvu na kumegua kingo za kaboni.

Sasa uzi wenyewe. Ukiondolewa ganda lake la plastiki una unene wa mikroni 125. Kwenye kiini chake huchorwa mistari iliyopangana kwa karibu sana, iitwayo mistari ya Bragg, ambayo hurudisha urefu mmoja tu wa wimbi la mwanga na kuacha mengine yapite. Kwa mwanga wenye wimbi la urefu wa nanomita 1550 (nanomita ni sehemu moja ya elfu ya mikroni), uleule unaosafiri kwenye mkongo wa mawasiliano, nafasi kati ya mstari na mstari ni kama nanomita 535.

Tatizo ni kwamba mistari hiyo huhisi joto pia. Kila digrii moja husogeza wimbi linalorudi kwa pikomita 10 hivi (pikomita elfu moja ni nanomita moja). Sili ikipanda digrii 50, wimbi limesogea nusu nanomita bila kaboni kupungua hata kidogo, na asiyejua ataandika kwenye daftari kwamba sili imekwisha. Kwa hiyo kupimia kulika hutumiwa mistari ambayo nafasi zake zinapanuka taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila sehemu ya uzi hurudisha wimbi lake, na kisomaji, yaani kifaa kinachopima mwanga unaorudi, huona mkanda mzima wa mawimbi badala ya ncha moja. Tuseme mistari ina urefu wa milimita 10 na mkanda una upana wa nanomita 10: ikisagika milimita moja, mkanda hupungua nanomita moja upande mmoja. Joto husogeza kingo zote mbili za mkanda. Kulika husogeza ukingo mmoja tu. Utenganisho huu ndio moyo wa mbinu nzima.

Uzi hufungwa kwenye pete iliyotulia, kwa sababu kwenye inayozunguka ungekatika. Tundu jembamba hutobolewa kutoka nyuma ya kaboni hadi usoni, uzi huvuliwa ganda na kuingizwa na gundi ya epoksi inayohimili joto la sili hiyo. Hakikisha hakuna kiputo: tundu lisilojaa gundi ni njia mpya ya kuvuja uliyoitengeneza mwenyewe. Gundi ikikauka, uso husagwa pamoja na uzi mpaka uwe bapa kabisa. Pete ya upande wa pili iwe ngumu kuliko kioo, mfano kauri ngumu iitwayo silikoni kabaidi, la sivyo uzi utaichora. Kisha chukua vipimo vya mwanzo, mashine ikiwa baridi na ikiwa moto. Bila hivyo huna pa kulinganishia.

Kwa oili sili, kioo hakifai kwa kuwa kinaweza kuchana mpira. Hutumika uzi wa plastiki, ila wa kawaida haupendi joto la zaidi ya digrii 80 hivi.

Kwenye mitambo ya gesi kama ya Madimba au Songo Songo, faida kubwa ya faiba ni kwamba hakuna umeme kwenye sili, hivyo hakuna cheche ya waya. Kisomaji hukaa mbali, chumba cha udhibiti. Hewa ya chumvi inayokula viungio vya shaba pia haina cha kula kwenye kioo. Hata hivyo uzi haupendi kukunjwa. Uache upinde kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 30, na ncha za kuunganishia zifutwe kwa spiriti kila zinapofunguliwa, maana chembe moja ya vumbi huzuia mwanga.

Ukingo ukisogea polepole wiki hadi wiki, huo ni ulaji wa kawaida. Ukiruka ghafla, kaboni au uzi umemegeka. Mwanga wote ukififia, kagua kwanza kiungio na mkunjo kabla ya kufungua pampu. Kiwango cha kengele kiwekwe mapema kiasi cha kuwahi sili mpya kusafiri kutoka Dar es Salaam.