Daftari la misimu na watoto: anzeni na mti mmoja tu
Mimi kazi yangu ni mimea, na wazazi hapa Mbeya wananiuliza sana kuhusu kuweka daftari la asili na watoto, wanasema tungependa ila majina ya miti hatuyajui. Jamani majina yatakuja. Chagueni mti mmoja mnaopita kila wiki, basi. Kaunta buku na penseli vinatosha (peni ikipata mvua ukurasa umekwisha), andikeni tarehe, mahali na hali ya hewa.

Alafu ile misimu minne ya vitabu vya watoto, sijui theluji, achaneni nayo, na hata vuli na masika za watu wa Pwani sio zetu. Huku mvua ni moja, inaanza Novemba mpaka Aprili au Mei, inakuja baridi ya Juni na Julai ile ya Makete na Njombe unaamka nyasi zina barafu, kisha upepo na vumbi la Agosti, kisha joto la Oktoba. Gaweni daftari hivyo.

Ukurasa ninaoupenda mimi ni wa Septemba, kwenye misitu ya miombo. Mvua bado, udongo mkavu kabisa, lakini mti unatoa majani mapya na yanatoka mekundu, watu wazima wanapita wanasema yanakauka hayo. Mpe mtoto alishike: jani jipya ni laini, limelegea, linateleza, wakati jani zee linavunjikia mkononi. Ule wekundu ni anthosianini, rangi ya asili ya mmea, na wengi wetu tunaona kazi yake ni kulikinga jani changa na jua kali wakati ukijani wake haujakomaa. Maji je? Mizizi inazama chini sana na shina nalo lina akiba. Fungeni uzi kwenye kitawi kimoja, mrudi kila baada ya siku chache, mtoto apake rangi aliyoiona siku hiyo, sio anayodhani jani linatakiwa kuwa nayo, hapo ndipo wengi wanaharibu kwa kumsahihisha mtoto.

Mjini kuna jakaranda, huo umetoka Amerika Kusini ila unafaa, andikeni siku ua la kwanza lilipoonekana.

Mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi wanatoka. Kabla hawajaenda kwenye kikaango chukueni mmoja mumchore: mabawa manne yanalingana urefu, tofauti na sisimizi wa mabawa ambaye ya nyuma ni mafupi. Andikeni saa waliyotoka na mvua ilinyesha lini.

Mkipata nauli nendeni Kitulo kati ya Desemba na Aprili, ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na ina aina zaidi ya 40 za okidi, maua ya porini. Msichume wala kuchimba, viazi vyake vya chini ndivyo vinapikwa chikanda, chakula cha Zambia, na vimechimbwa mno kupelekwa huko. Laleni kwenye nyasi mchore hapohapo, picha ya simu sawa lakini anayechora lazima ahesabu, atakuta petali tatu na moja haifanani na wenzake, hiyo ndiyo mdudu anatua. Na masweta bebeni, kule juu ni kama mita 2,600 na mawingu yakishuka hata penseli haishikiki.